Karanga za Getini

Nikinusa karanga za kukaanga, nakumbuka maktaba yetu ya Ujiji. Kuna mtu alikuwa anachana vitabu. Nilikuwa nasoma maisha ya mfalme mmoja. Nafika anapougua, ukurasa unaofuata haupo. Mzee wa maktaba alitushuku sisi watoto, akawa anatunusa viganja mlangoni.

"Nyie na migebuka yenu! Mnachana kurasa zangu mkafungie samaki. Mwizi nitamjua kwa harufu."

Siku moja nikanunua karanga kwa mkewe, aliyeuzia pale getini. Nikakunjua karatasi aliyonifungia: mfalme wangu anazikwa. Nikaingia nayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete viganja. Umekula nini?"

"Karanga."

"Za nani?"

"Za mama, hapo nje."

Akaitazama karatasi, akaichukua, akaitia mfukoni taratibu. Toka siku hiyo hakuninusa tena.