Mwezi Aliouona Baba

Chumba cha Mutua kilinuka siki. Kilikuwa nyuma ya duka la nguo pale Ukunda, dirisha limezibwa kwa blanketi, na ndani yake mlikuwa na taa nyekundu na masinia ya dawa za kusafishia picha. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana mdogo niliyeshikilia kanzu ya baba kwa sababu sikuuzoea mwanga wa rangi ile. Mutua alikuwa mtu wa bara, mpangaji wa jirani yetu huko Mwabungo, na riziki yake ilikuwa kuwapiga picha wageni wa hoteli.

Kilichotufikisha kwake kilikuwa mwezi. Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, jua lilipokwisha kuzama, baba alisimama kwenye uwanja wa shule akatazama magharibi, akauona mwezi mwandamo juu ya minazi. Nilikuwa kando yake. Nilifuata kidole chake, sikuona kitu, kisha wingu likafunga. Baba alikwenda kwa imamu akaapa, na kesho yake mtaa wetu ukasali Idi huku sehemu kubwa ya Ukunda ikiendelea kufunga. Maneno yakaanza. Barazani walimwita Bwana Mwezi, wakamwuliza kama jioni ile hakuona na jua la pili. Alicheka nao mwanzoni, halafu akaacha kwenda barazani. Imamu alimwambia ushahidi ulikwisha kupokelewa, asijisumbue. Lakini nilimsikia akimwambia mama kwamba hana hakika tena na macho yake, na kwamba Ijumaa atasimama msikitini autengue ushahidi wake, watu wailipe ile siku waliyokula. Mama alimsihi asubiri. Mutua aliposikia alikuja mwenyewe kusema kwamba jioni ile alikuwa ufuoni Galu akiwapiga wageni picha, paa la makuti na anga la magharibi likiwa nyuma yao. Filamu ilikuwa bado haijasafishwa.

Tulipoingia, picha ilikuwa tayari. Juu ya paa palikuwa na mwezi mnene, mweupe, umesimama wima kama kwenye kadi za Idi. Nilifurahi. Baba aliishika picha ukingoni, akaitazama, akairudisha.

“Huu sio niliouona. Wangu ulilala chali, pembe juu.”

Mutua alisema ni ule ule, ila ulitoka hafifu, kwa hiyo akauweka mwingine kutoka filamu nyingine uonekane vizuri. Ndivyo alivyozoea kufanya kwa kadi za watalii, na alidhani anamsaidia.

“Basi nifanyie ambayo hukuweka kitu,” baba alisema.

Mutua alirudisha filamu kwenye mashine ya kukuzia picha. Akaziba kwa kiganja sehemu ya wageni, akaliacha anga lipate mwanga zaidi ili litoke jeusi zaidi kwenye karatasi, kisha akaitia karatasi katika dawa. Paa lilitokea kwanza. Anga likaiva polepole, na juu ya minazi ukabaki uzi mweupe, mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali.

“Hii hakuna mtalii atanunua, mzee,” Mutua alisema.

Baba hakucheka. “Na giza hili?”

“Giza nimeongeza. Mwezi sijagusa.”

Baba aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akavuta pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Ijumaa alikwenda msikitini, akasali, akarudi nyumbani akala sahani mbili za wali. Picha hakumwonyesha mtu.

Leo mimi mwenyewe hupiga picha za nyota. Nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea. Husafiri hadi Samburu, mbali na taa za Diani, nikaacha lenzi wazi, kisha nikakaa kwenye kompyuta nikikoleza hapa na kupunguza pale. Simu za siku hizi zinaweza kumkamilishia mtu mwezi ambao lenzi haikuuona vizuri, na mwenyewe asijue. Wako wanaosema kila picha iliyohaririwa ni uongo. Sikubaliani nao: bila kiganja cha Mutua, ule uzi ungebaki ndani ya filamu. Picha zangu zina nyota nyingi kuliko nilizoziona kwa macho, na zote zilikuwepo. Nikishajiridhisha hivyo, nalala vizuri. Baba sasa haoni. Alichelewa kutibiwa mtoto wa jicho, na matibabu yalipokuja hayakusaidia. Nikirudi safari hukaa naye nikamsimulia anga, na kabla sijafika mbali huniuliza nimeongeza nini. Namweleza yote niliyofanya, naye huniamini.