Kuta za Nyumba ya Abdulrahim

Mwanamkuu alipoamua kuiuza nyumba yake ya Milalani, nje kidogo ya Msambweni, alichagua mnunuzi kama mtu anavyochagua mkwe. Wa kwanza kuja alikuwa Ngala, mwalimu, na mkewe na msururu wa watoto. Hakuvuta maneno, bei aliikubali palepale. Lakini Mwanamkuu alimwona kitindamimba wao akipitisha kidole ukutani kisha akikilamba, na papo hapo akasema ameghairi, nyumba haiuzwi tena. Majirani walimwona amerukwa na akili. Mjane, ana binti asiyejiweza, halafu anaifukuza riziki mlangoni! Sababu hakumwambia mtu. Baadaye akaja Sufyan, fundi wa mashine za boti kutoka Wasini, pamoja na mkewe Bushra. Hao walikuwa wameoana zamani na Mungu hajawajalia mtoto. Mwanamkuu akawauzia hao, na moyoni akajiambia ametenda haki.

Haki yenyewe ilikuwa na kisa chake. Marehemu mumewe, Abdulrahim, alikuwa akitengeneza chubwi, yale madonge ya madini ya risasi yanayofungwa kwenye nyavu na mishipi ili vizame. Alikusanya betri kuukuu za magari katika gereji za Ukunda, akazivunja, akaiyeyusha risasi yake kwenye sufuria nzito, katika jiko la uani. Chubwi zake zilisifika Gazi na Shimoni. Moshi wake, kwa bahati mbaya, haukuwa na haya ya kuondoka kama moshi wa kuni. Ulitambaa chini, ukaingia ndani kwa mlango wa nyuma, ukajipaka kwenye kuta za udongo mwaka baada ya mwaka. Kuku walikufa. Mbuzi aliyezoea kulambalamba uani alizunguka mahali pamoja mpaka akaanguka. Abdulrahim alisema ni jicho la watu, akafukiza ubani, akaendelea na kazi.

Kisha akaja Mbodze, mtoto wao wa pekee. Wenzake walipokuwa wakiimba na kutukanana njiani, yeye alikuwa bado hajasema neno, na mguu mmoja aliuburura. Walimpeleka Mombasa akapimwa damu. Daktari, mwanamke mpole, aliwaambia kuwa mtoto ana risasi mwilini, imemwingia tangu mdogo, pengine tangu tumboni, na kilichoharibika hakirudi. Akawauliza wanaishi wapi na wanafanya kazi gani. Akawasihi wahame, na mtoto mwingine asilelewe mle. Abdulrahim aliitikia kwa adabu zote. Aliporudi alilivunja lile jiko, akahamishia kazi yake mbali na nyumba, lakini nyumba yenyewe hawakuihama. Wangehamia wapi? Alikaa humo mpaka mikono yake ikawa inatetemeka, hata kikombe cha chai kinammwagikia, na humo ndimo alimofia.

Mwanamkuu alitaka kumtoa Mbodze katika kuta zile, na hilo halina lawama. Lawama ni ya jinsi alivyolifanya. Aliita watu wakakandika udongo mpya juu ya ule wa zamani, wakapaka chokaa, wakarudia. Akafukiza udi, akasomesha Yasini, nyumba ikanukia kama chumba cha bi arusi. Mbodze akampeleka mapema kwa dada yake kule Waa, maana wanunuzi wangemwona, na wangemwona wangeuliza.

Sasa, watu wa kule wana desturi yao, na ni ya dini pia: muuzaji huulizwa mbele ya mashahidi. Siku hiyo aliyeuliza ni Mzee Randu, mkubwa wa kijiji.

"Mwanamkuu, kitu chenye ila hakiuzwi kwa kunyamaziwa. Nyumba hii ina ila ambayo macho ya mnunuzi hayaioni?"

"Paa linavuja, baba. Pembeni, kwenye chumba cha uani."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Wakamsifu kwa ukweli wake. Ndivyo tulivyo sisi wanadamu, mtu akitaja kasoro ndogo tunamwamini hata kwa ile kubwa. Sufyan alicheka, akasema paa ni kazi ya asubuhi moja. Alipohamia akapata kazi nyingi Shimoni, na paa likabaki vilevile.

Mvua za masika zilipita. Mwanamkuu yuko Waa, anauza mbaazi na mahamri, anajifunza kulala usingizi mzima. Siku moja simu ikalia, akasikia sauti ya Bushra, inacheka na kulia kwa pamoja.

"Shikamoo, mama. Nyumba yako ina baraka! Miaka yote ile, na leo nina mimba. Nimeona nikwambie wewe kwanza kabla ya watu."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi," alisema Mwanamkuu, akakaa chini papo hapo, kando ya karai la mafuta.

Alijidanganya siku kadhaa. Mtoto bado yuko tumboni, hatambai, halambi kitu. Kuta zimekandikwa. Chokaa imepakwa. Akizaliwa ndipo nitasema, alijiambia, nitatafuta njia. Lakini kila akimlisha Mbodze, akimfuta uji kidevuni, mkono ulikuwa mzito. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye alikuwa ameficha maradhi ya nyumba nzima. Mwishowe akanunua doti ya leso kuwa zawadi, akamwacha binti yake kwa dada, akashika njia ya Msambweni.

Alibisha hodi, Bushra akamkaribisha kwa bashasha, amenona, uso unang'aa. Sufyan alikuwa kazini. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watu wote, leso ikafunguliwa ikasifiwa. Macho ya Mwanamkuu yalikuwa yakitembea kutani. Sebuleni kulikuwa kuzuri, chokaa nyeupe pe. Akaomba kwenda msalani, akapita chumba cha uani, na hapo akasimama.

Pembeni, pale paa linapovuja, mvua ilikuwa imeibambua chokaa na udongo mpya pamoja. Ukuta wa zamani ulikuwa umetoka nje, mweusi unaoelekea ukijivu. Na ulikuwa umechimbwa. Shimo dogo, laini, kiasi cha ngumi, na chini yake kijiko kimesimamishwa kwa uangalifu ukutani. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mimba pwani ile hahitaji kuelezwa shimo kama lile.

"Umeiona aibu yangu," Bushra alisema nyuma yake, anacheka. "Nifanyeje, mama? Mimba hii inapenda udongo. Sufyan ameniletea vile vijiwe vya sokoni, nimevitema. Huu wa ukutani una utamu wake. Sijaonja udongo mtamu kama huu."

Mwanamkuu aliujua utamu huo. Alipokuwa na mimba ya Mbodze alichimba ukuta uleule kwa kucha zake, alfajiri, mumewe akimtania kwamba atawaangushia nyumba. Na utamu ule hakuwahi kumwambia daktari, wala mumewe, wala nafsi yake.

"Umeanza lini kula?"

"Tangu nilipojijua. Kila siku kidogo."

"Usile tena, mwanangu. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, usile tena. Ukuta huu una sumu."

Bushra alitabasamu kwanza. Kisha akamtazama vizuri, na tabasamu likaingia ubaridi. "Mama, kama umeitamani nyumba yako useme. Watu walituambia wajane hurudi na maneno. Mbele ya Mzee Randu ulisema paa tu."

"Nilisema uongo."

Basi akalitoa lote, amesimama palepale, sauti haipandi wala haishuki: betri, moshi, kuku, mbuzi, mikono ya Abdulrahim, damu ya Mbodze, daktari wa Mombasa. Hakujitetea, ila mahali pamoja. "Niliwachagua nyinyi kwa sababu hamna mtoto. Nilimkataa mwalimu. Nilidhani ukuta hautamdhuru mtu mzima."

Aliona aibu maneno yale yalipomtoka. Alikuwa ameijenga furaha yake juu ya msiba wa watu wengine, akatumaini msiba huo udumu. Bushra alisikia hivyohivyo, maana alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mkono wake ulipanda kinywani, ukafuta midomo, ukafuta tena.

"Twende hospitali sasa hivi," Mwanamkuu alisema. "Wakupime damu. Leo hii, kabla jua halijazama."

"Tutakwenda. Lakini nijibu kwanza. Mwanao alizaliwaje?"

Mwanamkuu angeweza kudanganya tena, na mara hii ungekuwa uongo wa huruma. "Alizaliwa mzima. Alilia vizuri, wanawake wakapiga vigelegele. Mwili wote hauna doa. Hatukujua mpaka wenzake waliposema naye asiseme."

"Kwa hiyo hata akizaliwa salama, sitajua."

"Hutajua, mwanangu."

Bushra akalishika tumbo kwa mikono miwili. Hakulia, na Mwanamkuu alitamani alie, amtukane, ampige hata kofi. Badala yake aliinuka, akajifunga leso mpya aliyoletewa, akatafuta viatu.

"Basi huendi Waa," alisema. "Kuta hizi tutazihama, na nitakapohamia, nawe utahamia. Utakaa na mimi mpaka huyu wa tumboni aseme neno."

"Nina Mbodze, Bushra. Hana mwingine wa kumlisha."

"Mlete. Uliponiuzia ulimficha, sasa mlete nimwone kila siku, nijue ninangoja nini."

Mwanamkuu akaitoa simu mkobani, akampigia dada yake, akamwambia amfungashie Mbodze nguo zake zote.