Saa ya Nakonde Ilivyonikausha Imani

Mkosaji ni mimi. Nasema hivi mwanzoni kabisa ili usipoteze huruma yako kwa kudhani kuna mtu alinipotosha. Shetani mwenyewe akisoma hapa atashangaa, maana kazi yote niliifanya peke yangu, tena nikiwa nimevaa suti.

Nina mke na watoto, nauza turubai na kamba za malori hapa Tunduma. Wanaoishi hapa wanajua: ukivuka tu mpaka ukaingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma. Huku ikiwa saa nne, kule ni saa tatu. Wenzangu wanaitumia saa hiyo kwa biashara. Mimi niliitumia kumkwepa Mungu.

Ilianza kwa usingizi. Jumapili moja nilichelewa kuamka, mke wangu akawa ameshaondoka na watoto kwenda ibadani. Niliona aibu kuingia kanisani katikati ya mahubiri, nikavuka kwenda Nakonde, ambako ndiyo kwanza ibada inaanza. Walinipokea vizuri mno. Wageni tuliambiwa tusimame, nikasimama, nikawasalimu kwa Kibemba changu cha dukani, wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Nikanogewa na ugeni. Mgeni hapangiwi zamu ya kufagia kanisa, wala haulizwi kwa nini hakuja kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu akinipitia dukani, namwambia, "Mzee wangu, siku hizi nasali ng'ambo." Wale wa ng'ambo wakiniuliza mbona sionekani katikati ya wiki, nawaambia, "Kanisa langu hasa liko Tunduma." Kila upande ukaamini kwamba upande wa pili ndio unaonilea.

Kilichofuata unaweza kukikisia. Niliacha kwenda kote kuwili. Kila Jumapili nilitoka nyumbani na Biblia kwapani, nikavuka mpaka, nikaketi kwa mchoma nyama mmoja wa Nakonde mpaka ibada ziishe. Hata bia sikunywa! Nilikunywa soda ya machungwa na kuangalia marudio ya mpira. Wenye dhambi wenzangu wakisikia nilipotea kwa soda, wananicheka.

Mke wangu alikuwa akiniuliza, "Baba Neema, leo wamehubiri nini?"

"Upendo," najibu.

Baada ya miezi kadhaa akasema, "Kwani mchungaji wa huko ana somo moja tu?"

"Ni somo pana," nikamwambia, nikaomba chai.

Lakini niliyemdanganya vibaya zaidi ni Mama. Aliishi kijijini, nje kidogo ya Mlowo, na kila Jumapili alasiri alinipigia simu. Mwanzoni nilimwambia tu kwamba nimesali. Nilipoona anavyofurahi, nikaongeza kwamba nimeongoza maombi. Wiki nyingine nikaongeza tena. Mwishowe, kwa kinywa cha Mama, nilikuwa mzee wa kanisa kule Zambia, na akina mama wote wa kanisani kwake walinijua hivyo.

Njia ya mwongo ni fupi. Mama akaugua, nikaenda na mke wangu. Tulimkuta kitandani amekonda, akina mama wa kanisa wameketi mkekani chumba kizima. Mmoja alikuwa anataka kuanza maombi, Mama akamzuia kwa mkono.

"Subirini. Mwanangu amefika. Ndiye ataomba."

Wote wakainamisha vichwa. Nikajidai nataka kusoma neno kwanza, ili nipate muda wa kufikiri. Zipu ya jalada la Biblia ilikuwa imeshika kutu. Nikavuta, ikagoma. Nikavuta tena, ikagoma. Mke wangu akaitazama ile zipu, kisha akanitazama mimi. Nadhani hapo ndipo alipouelewa ule upendo wote.

Nikafumba macho. "Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru..." Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Nilitafuta neno la kumwambia Mungu juu ya mama yangu, mama aliyenifundisha kusali, na sikulipata. Mtu akakohoa. Basi mdomo ukaenda ulikozoea, kwenye sala pekee niliyokuwa nimebaki nayo, ile ya mezani mbele ya watoto: "...kwa chakula hiki ulichotupatia. Kibariki, na uwabariki waliokiandaa. Amina."

Wawili watatu wakaitikia amina kwa mazoea. Mama akafungua macho.

"Baba," akasema. Aliniita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa nina jina la baba yake. "Baba, hapa hakuna chakula."

Angekuwa mama wa mtu mwingine, ningecheka.

"Umeacha tangu lini?" akauliza.

"Muda mrefu, Mama."

"Na ule uzee wa kanisa?"

"Haupo, Mama. Nilikudanganya."

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinishika mkono, akaanza kuomba yeye, kwa Kinyiha, pumzi ikimkatika kila baada ya maneno machache. Hakujiombea uzima. Aliniombea mimi, mwanaume mwenye afya yake na suti yake. Mgonjwa alikuwa yeye, aliyeombewa nikawa mimi. Pumzi ilipomwishia akaninong'oneza, "Malizia." Hata hapo nilishindwa. Mke wangu ndiye aliyemalizia.

Mama alifariki kabla wiki haijaisha. Watu huniambia kwamba alikwenda salama, na najua alikwenda salama. Kinachoniuma ni kwamba alitaka kitu kimoja tu kwangu, tena kisichouzwa dukani, nami nikafika kwake mikono mitupu. Msibani nililia kuliko dada zangu, watu wakasema kweli huyu alimpenda mama yake. Nilimpenda, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa aibu.

Siku hizi nimerudi kanisani kwetu, hapa hapa mtaani. Nimepangiwa zamu ya kufagia, nafagia. Asubuhi kabla sijakunjua turubai la kwanza naomba, tena kwa sauti, na naomba vibaya. Nasahau, narudia, kuna siku najikuta namweleza Mungu habari za kamba. Madereva wananicheka, na mimi nacheka nao, kisha naendelea.

Ndugu yangu unayejiambia kwamba imani yako ipo tu, umeiweka mahali, utaichukua siku ukiihitaji: nami nilidhani hivyo hivyo. Omba leo, hata kwa kigugumizi. Omba ukiwa mzima, ukiwa huna shida, hata ukiwa huna la kusema. Siku mama yako atakapokushika mkono na kukuambia umwombee, hutapewa muda wa kujifunza.