Michirizi ya Sebuleni

Juzi nilifanya upuuzi. Niliburuta kabati peke yangu, kwa uvivu wa kutoka kwenda kuomba msaada, nikaikwaruza sakafu ya mbao ninayoringia. Nikachukua korosho mbichi za kuisugulia, maana mafuta yake huficha mikwaruzo; nyingi zikaishia mdomoni. Iliyobaki ilipopata joto chini ya kidole, harufu yake ikanirudisha Diani.

Baba alikuwa mlinzi wa nyumba ya tajiri aliyeishi mbali, nasi tulikaa chumba cha uani. Baba alipofariki, chumba hakikutosha watu, basi wanaume wakafungua sebule ya tajiri na kuburuta makochi nje, waliofika wapate kukaa mikekani. Matanga yalipoanuliwa, sakafu ya mvule ilikuwa na michirizi myeupe mpaka mlangoni.

Mama ndiyo kwanza alikuwa ameingia eda, na mjane wa eda hahami ovyo. Tajiri akiiona ile michirizi, tungefukuzwa. Basi tulipiga magoti, tukasugua korosho kwa kufuata mistari ya mbao, tukipangusa kwa kitambaa laini.

"Taratibu, mwanangu," mama akaniambia. "Na usizile."

Michirizi ikawa inafifia. Machozi yakimdondoka aliyafuta upesi, maana maji huacha alama kwenye mbao.

Jirani yetu, mke wa mlinzi wa nyumba ya pili, akaingia na kutazama chini.

"Sakafu imependeza, shoga," akamwambia mama. "Lakini funga mizigo. Mlinzi mpya yuko getini na kitanda chake."