Mechi ya Kwenda Kupigwa

Nilijua mambo yameharibika siku mkurugenzi wa michezo alipoingia ofisini kwangu, akafunga mlango na kuanza kuongea Kiswahili. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington, aliyejifunza lugha yetu chuoni ujanani kwa mapenzi yake tu. Kwa kawaida tulisalimiana kwa Kiswahili asubuhi, kisha kazi ikaendelea kwa Kiingereza. Akifunga mlango na kuendelea na Kiswahili, ujue ana habari asiyotaka ukumbi mzima uisikie.

"Dada," alisema, "bodi ya chuo inataka kuivunja timu."

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa mhasibu wa idara ya michezo katika chuo kidogo upande wa Maryland, na kila asubuhi nilitoka Falls Church, Virginia, nikasota na foleni ya barabara kuu ya Beltway, kwenda kutunza hesabu za mchezo ambao hata sheria zake nilikuwa nazielewa nusu nusu. Mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na makinga ya mabega, ulikuwa unakula pesa kuliko michezo yetu mingine yote ikiwekwa pamoja. Mabasi, bima, madaktari, ufadhili wa masomo wa wachezaji, chakula cha vijana wenye miili kama milango. Na siku za mechi viti vyetu vilikuwa vitupu. Wahitimu wa zamani waliokuwa wakichangia walikuwa wanazeeka na kufa, na watoto wao hawakuwa na habari na sisi.

Mkurugenzi alikuwa amepata njia moja tu ya kuiokoa timu. Vyuo vikubwa vya kusini, vyenye viwanja vya kumeza mji mzima, hupenda kuwapa mashabiki wao ushindi rahisi. Basi hualika timu dhaifu kwa malipo. Timu inakwenda, inapigwa, inarudi na hundi. Kila mtu anajua, na hakuna anayeona haya. Msimu ule alisaini mechi mbili za namna hiyo.

Kutoka ile ya kwanza tulirudi na majeruhi, na karibu wote walikuwa wa safu ya mbele, yale majitu yanayomkinga mrusha mpira asifikiwe. Kocha alikuja ofisini akitokea kwa daktari wa timu. Aliuliza kama tunaweza kujitoa mechi ya pili. Nilimsomea mkataba: anayejitoa anamlipa mwenzake, na kiasi chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko chochote tulichobakiza. Alikaa kwenye kiti akiitazama kofia yake. Akasema itabidi awapange watoto wa mwaka wa kwanza mbele ya wanaume walioiva.

"Mtu ataumia vibaya," alisema. Kocha yule alikuwa mtu wa kupiga kelele kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini siku hiyo hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Katika hao wa mwaka wa kwanza, mmoja nilimjua tangu hajafikia urefu ule. Mama yake, Mkongo wa Bukavu, alikaa mji wa Laurel kwenye jengo moja na binamu yangu, akifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Siku mwanawe alipopata ufadhili alinipigia simu kunishukuru kana kwamba nimeutoa mfukoni mwangu. "Mutoto yangu iko mu mikono yako, dada," aliniambia. Sasa alinipigia tena, kuuliza kama mechi itaonyeshwa kwenye televisheni. Nikamwambia itaonyeshwa. Alifurahi sana.

Nilisafiri na timu kwa sababu mimi ndiye niliyesimamia chakula na vyumba. Mechi ilikuwa ya mchana, jua kali, hewa nzito. Nilikuwa sijawahi kusimama pembeni mwa mstari wa uwanja mkubwa hivyo. Ukiangalia kwenye televisheni, mchezo ule ni watu wanarundikana na kuinuka. Ukiwa pale chini, unasikia pumzi zikiwatoka. Unasikia helmeti zikigongana, na baada yake kuna kimya kidogo cha kusubiri nani atainuka. Nilijikuta nahesabu sare zetu kila rundo lilipofumuka, kama mzazi avushaye watoto barabara.

Kabla ya mapumziko mrusha mpira wetu alibaki chini. Walimfunga shingo, wakamweka kwenye machela. Mashabiki walisimama wakapiga makofi ya heshima, na mimi niliendelea kuangalia viatu vyake, nikiomba vitikisike. Vilikuwa vimetulia. Alipopitishwa mbele yangu nikaona vidole vya mkono vikijikunja, nikaweza kupumua.

Muda mfupi baada ya mapumziko radi ikapiga ng'ambo ya uwanja, na waamuzi wakaamuru timu zote ziingie ndani.

Niliingia chumba cha kubadilishia nguo na daktari wa timu kugawa maji. Kijana wa Laurel alikuwa ameinama kwenye benchi, vidole vimezungushiwa plasta. Siku zote nilimsemesha Kiswahili naye akanijibu Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wetu wa huku. Nilipompa chupa alishindwa kuifungua. Nikamfungulia.

"Mama," alisema chini chini, "mi niko naogopa kurudi kule."

Nilitoka moja kwa moja hadi ukumbini, alikokuwa mkurugenzi pamoja na kocha na ofisa wa chuo mwenyeji, mwanaume mpole mwenye tai. Ofisa alikuwa anaeleza kuwa mvua itapita upesi na watu wa televisheni wanasubiri. Kocha alimwangalia mkurugenzi tu.

Mkurugenzi akanigeukia. "Dada, mkataba unasemaje tusiporudi?"

Nilimwambia ukweli ninaoujua, ambao haukuwa wa kumsaidia. Kipengele cha hali ya hewa kilisema mechi ikikatizwa, pande zote mbili lazima zikubaliane kuikomesha palepale. Wao wakikataa, huenda tukakosa pesa yote, na sikujua mwanasheria angekisoma vipi.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nina kodi ya nyumba kama wewe, kaka. Pesa hiyo ikikosekana, mimi na wewe hatuna kazi. Lakini kule uwanjani nimeogopa zaidi." Nikamwambia alichosema yule kijana.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa na ukungu vilevile. Kisha akamwambia yule ofisa kwa Kiingereza kwamba hatutarudi uwanjani. Ofisa alisema, kwa upole uleule, kuwa basi itabidi apige simu kadhaa.

Safari ya kurudi ilikuwa ya mvua mwanzo mwisho. Hakuna aliyeimba. Simu ya mtu ilipolia, basi zima liligeuka kutazama, kwa sababu tulikuwa tumemwacha mwenzetu hospitali. Tulipokuwa tumevuka kuingia Virginia ndipo daktari wa hospitali akapiga: mshipa ulibanwa, shingo haikuvunjika. Kocha alifunika uso kwa kofia mpaka tulipofika.

Baada ya hapo zikaja wiki za wanasheria. Niliogopa kufungua kompyuta asubuhi. Mkurugenzi alikonda, suruali zikamlegea, akawa anapita mlangoni kwangu bila kuuliza chochote, akisubiri nitikise kichwa kuwa pesa haijaja. Mwishowe chuo mwenyeji kililipa sehemu ya pesa. Haikutosha. Bodi ya chuo ikapiga kura, na msimu ulipokwisha timu ikavunjwa. Mkurugenzi aliambiwa aondoke. Mimi nilihamishiwa ofisi ya karo, kwa mshahara mdogo.

Waliotaka kubaki masomoni waliachiwa ufadhili wao hadi wahitimu. Mama wa Laurel alinipigia mara mbili nimhakikishie hilo. Aliniambia siku ile alizima televisheni wakati wa machela, kwa sababu kutoka mbali sare zote zinafanana, na hakuweza kujua ni mtoto wa nani.

Mwaka uliopita nilikutana na mkurugenzi kwenye duka la nyama ya halali karibu na Fairfax. Anafundisha sasa kwenye chuo kikubwa cha huko, na amerudisha mwili. Tuliulizana hali za nyumbani. Halafu akasogeza kikapu chake kando ili watu wapite, akasema siku ile bado humshtua usiku.

"Si kwa sababu ya timu," alisema. "Dada, kabla hujatokea pale ukumbini, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme vijana warudi uwanjani."