Tembe Letu na Ghorofa la Vioo

Enzi zetu, wenzangu mliokula vumbi la Hombolo, hatukuhitaji lifti ili kwenda juu. Tulikuwa na gogo lililochongwa vidato, limeegemezwa ukutani, na ukilimaliza unakuta paa bapa la tembe: miti, matawi, na udongo mwekundu uliokandikwa ukakandamizwa. Hilo ndilo lilikuwa ghorofa letu. Ukisimama pale uliliona bwawa, uliwaona ng'ombe wakirudi jioni, na kama mwalimu anakuja kukushtaki kwamba hukupeleka kuni shuleni, ulimwona mapema ukapata muda wa kupotea.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu siku hizi Dodoma haina habari nyingine ila lile jengo jipya la vioo katikati ya mji. Bodaboda wanabishana kama lina ghorofa kumi na nane au ishirini, na kila anayehesabu anapata jibu lake. Mama lishe wa ng'ambo ya barabara analalamika kwamba vioo vinampiga jua la uso tangu asubuhi, lakini wanaokuja kulishangaa jengo wanakula kwake, kwa hiyo analalamika huku anacheka. Vijana ndio wamezidi. Wanasimama mbele yake wamebinua midomo, wanapigana picha, kisha wanaandika kwamba wamefika Dubai. Mpwa wangu ni mmoja wao, na nyumbani hajaosha hata kikombe.

Mama yangu, ambaye sasa anaishi nami kwa sababu ya macho yake, alipoonyeshwa jengo hilo aliuliza swali moja tu.

"Juu yake ni bapa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa wanaanika nini?"

Sisi tulianika mlenda. Mvua zikishanyesha mama alichuma majani porini, nasi watatu, mimi na kaka zangu wawili, tukayapandisha kwa ungo, tukayatandaza juani, kisha tukakaa kuyalinda kuku wasiyachakure. Harufu yake yakianza kukauka bado ninayo puani. Yakishakauka yalitwangwa, yakapikwa na karanga, na tonge la ugali wa uwele likichovywa humo linateleza lenyewe mpaka tumboni. Mtoto wa leo ukimwekea mlenda anauliza kama umeharibika.

Kulinda mlenda kunachosha, basi tulijibunia mchezo wa kuruka. Aliyetua kwa kishindo udongo ukamwagika ndani ya nyumba ndiye mshindi. Mama alikuwa chini anapika. Udongo ukidondoka chunguni aligonga dari kwa mwiko, akasema, "Shukeni huko, leo mtakula tope." Tulitulia kidogo, tukaanza upya. Bingwa nilikuwa mimi, ingawa nilikuwa mdogo kuliko wote, na nilikuwa na mahali pangu maalumu pa kutua.

Siku moja wingu lilitanda ghafla, mama akapanda mwenyewe kuuokoa mlenda. Akakanyaga palepale pangu. Mti wa paa ukakatika, akatumbukia ndani, nyonga ikavunjika. Alilala miezi, na alipoinuka alikuwa anachechemea, na hajawahi kupanda paa tena. Baba aliporudi jioni ile aliambiwa kwamba mchwa wamekula mti. Sisi watoto tukafunga midomo. Kaka zangu wametangulia mbele ya haki bila kuifungua, nikabaki peke yangu na siri ile, mimi mwalimu mstaafu niliyechapa watoto wa watu kwa kusema uongo. Kila nikimwona mama akichechemea kwenda bafuni, moyo ulinisuta.

Jumamosi iliyopita niliamua yaishe. Juu kabisa ya jengo lile kuna mkahawa, nikasema nitampeleka mama akanywe chai, na hukohuko nitamwambia. Mlangoni mlinzi, kijana aliyetuambia kwao ni Kolo, alimwamkia shikamoo akampokea mkoba. Lakini mbele ya lifti mama aligoma.

"Mimi na mapaa tuliachana zamani."

"Bibi, hii ni zege tupu," mlinzi akamwambia. "Haizami."

Akaingia, akaniminya mkono hadi vidole vikafa ganzi. Juu tulikaa dirishani, na kwa kuwa macho yake hayafiki mbali nikawa namsimulia: ile ni stesheni, ule ni mlima, na kule nyuma ndiko nyumbani Hombolo. Chai ikaja, ikanishinda kunywa.

"Mama," nikasema, "lile paa halikuliwa na mchwa. Nililirukia mimi mpaka likalegea."

Aliipuliza chai yake.

"Mwanangu, mimi nilikuwa chini napika. Ulidhani sijui ni miguu ya nani? Kaka zako walitua kwa ncha za vidole, kwa uoga. Wewe ulitua mzima."

"Na mchwa?"

"Mchwa nilimwambia baba yako mimi. Fimbo yake ulikuwa huijui?"

Nililia, wala sioni haya kulisema. Mama alicheka mpaka meza ya jirani wakageuka, kisha akaagiza chai nyingine, na andazi.

Nyuma yetu watoto watatu walikuwa wanakimbizana na kuruka juu ya vigae, wazazi wao wameinamia simu. Jengo ni zuri, siwezi kulinyima haki yake, na lifti yake inapanda bila hata kukohoa. Mama aliwasikiliza wale watoto kwa muda, halafu akamwuliza mhudumu kama chini ya sakafu ile kuna watu. Akajibiwa kwamba ni nyumba za kupanga, na kwamba asiwe na wasiwasi, zege ni nene, huko chini hakuna kinachosikika.

"Maskini," mama akasema. "Watawajuaje watoto wao?"