Korosho za Baba Kwenye Sahani ya Wageni

Nisianze kwa kumlaumu mke wangu, maana nimemlaumu kimoyomoyo miaka mingi na haijanisaidia. Mimi ndiye niliyemwambia afungue lile kopo.

Tulikuwa tunakaa Alief, Houston, nami nikiendesha gari la kubeba abiria wa uwanja wa ndege. Nyumbani Kenya serikali mpya ilikuwa imeingia kwa kura, na kila mwenye tai alikuwa na mpango. Mpango mmoja ulikuwa wa undugu: nchi yetu na jimbo hili la Texas zitie saini kuwa ndugu, zifanye biashara. Waheshimiwa wangekuja, na wanunuzi wa huku wangealikwa kwenye hoteli moja mjini waone bidhaa zetu.

Mimi na siasa ni mbalimbali, lakini baba yangu alikuwa mchambuzi wa korosho. Kiwanda chao kule pwani kilikuwa kimefungwa miaka, mashine zimeota kutu, na bado kila asubuhi alipita langoni kumwamkia mlinzi, kana kwamba amechelewa kazini tu. Niliposikia kwamba mnunuzi wa korosho ameitika mwaliko, nilimpigia simu siku ile ile. Laiti ningenyamaza.

Aliwakusanya akina mama waliokuwa wakibangua korosho pamoja naye kiwandani. Walibangua kwa mikono. Yeye akakaa dirishani, palipo na mwanga, maana jicho moja lilikuwa limeshaingia ukungu, akachambua moja moja: nzima nyeupe mfuko huu, zilizobabuka mfuko ule, vipande mfuko wa tatu. Ilimchukua wiki tatu. Akazipanga kwenye kopo la maziwa ya unga, akampa jirani aliyekuwa akisafiri kuja huku.

“Usimpe mheshimiwa hata mmoja,” aliniambia kwenye simu. “Hao watazila njiani. Mpe mnunuzi mwenyewe, mkononi mwake. Akiziona tu, kiwanda kitafunguliwa.”

“Usijali, baba,” nikasema.

Waheshimiwa walipofika walikuwa wamechoka na chakula cha hoteli. Kiongozi wao, niliyekuwa nikimwendesha, akaniuliza kama mke wangu anajua kupika biriani. Mwafahamu sisi watu wa pwani: mtu akikuuliza hivyo, ushamkaribisha. Wakaja adhuhuri, watu saba, siku moja kabla ya mkutano. Nilijisemea, mgeni njoo mwenyeji apone, labda mmoja wao atalikumbuka jina la kiwanda cha baba.

Biriani likachelewa. Nyama ilikataa kuiva. Sahani ya sambusa ikapita mara moja ikarudi tupu, na wageni wakakaa wakitazama meza. Kwetu meza tupu mbele ya mgeni ni aibu ambayo watu huisimulia mpaka msibani. Niliingia jikoni jasho likinitoka.

“Kuna nini kingine?”

“Hakuna kitu,” mke wangu akasema. “Ngoja niende store, dakika ishirini.”

Nikalitazama kopo juu ya kabati.

“Hizo si za baba?” akauliza.

“Toa mfuko mmoja tu. Wataka kunitia aibu?”

Akazikaanga na chumvi na pilipili. Mfuko mmoja ukaisha kabla hajarudi jikoni. Nikatoa wa pili. Wa tatu sikumbuki nani aliutoa, lakini mikono ni yangu, nani mwingine.

“Bwana, hizi ni class nyingine,” mheshimiwa alisema akipangusa vidole. “Umezi-order wapi?”

Nikamwambia zimetoka nyumbani. Akacheka, akasema hakujua kama bado tuna korosho.

Kesho yake walitia saini. Bendera mbili, picha, makofi, hotuba kuhusu ndugu wa ng'ambo. Mnunuzi alikuwa mzee mmoja wa Kizungu, mpole, aliyekuja na kitambaa cheupe cha kumwagia korosho azikague. Alikitandaza mezani, akaniuliza ziko wapi. Nikaeleza kuhusu kiwanda, kuhusu baba, nikajisikia nikibwabwaja. Alingoja nimalize. Akanipa kadi yake, akasema nimpelekee zikipatikana, akakikunja kitambaa na kwenda meza ya kahawa. Sijawahi kuona haya namna ile, na kiongozi wetu alikuwa hatua mbili tu, akipigwa picha.

Baba alipouliza wamezionaje, nilimjibu, “Wamezimaliza zote.” Alicheka mpaka akakohoa.

Kiwanda hakikufunguliwa. Mwaka wa pili akaleta kopo jingine bila kuniuliza, akidhani habari za la kwanza zilipotelea ofisini. Nililifungua nikiwa peke yangu. Kwenye kila mfuko alikuwa ameandika aina yake kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka. Ndani nzima zilichanganyika na vipande, nyeupe na zilizobabuka, hata maganda yalikuwamo. Nilijua hapo kwamba macho yameondoka yote mawili na hajamwambia mtu.

Nilizichambua upya mezani, vibaya, maana sikuwahi kujifunza. Nikapiga namba ya kwenye kadi. Mwanamke aliyepokea alisema yule mzee amestaafu. Nikapiga ofisi iliyoandaa mkutano, nikataja ule undugu. Waliniuliza nchi gani.

Jioni ya kwetu kule, baba akapiga mwenyewe.

“Umempa mkononi?”

“Nimempa.”

“Akasema nini?”

“Amesema hajaona mtu anayechambua kama wewe.”

“Basi kesho nitawaambia wenzangu,” akasema, “tuanze kufagia kiwanda.”

Na walifagia. Mlinzi ndiye aliyenisimulia, baada ya mazishi ya baba: alishikwa mkono kila asubuhi mpaka langoni, akapewa ufagio.